Shuka la Mtoto wa Ngalula

Mwanangu, katika asubuhi zote za ujana wangu, ninayoikumbuka kuliko nyingine ni ile niliyokwenda kwa Mama Chola kumwambia kwamba sitaki tena kufanya kazi na Ngalula. Nimeikumbuka upya tangu juzi, uliporudi kutoka kazini umenuna, ukaniambia umepangwa kufanya kazi pamoja na mtu asiye wa kwenu, anayekula tofauti, anayeongea kwa sauti kubwa, na kwamba umekwisha kuomba uhamishwe. Sikukujibu siku ile. Nilitaka kwanza nijue kama nina nguvu ya kukueleza habari hii mpaka mwisho. Sasa kaa, nitakueleza.

Hapa Likasi, kama katika miji mingine ya shaba ya Katanga, wakati ule karibu kila nyumba ilikula kwa mkono wa kampuni ya serikali. Kampuni ilikuwa na viwanda, kambi za wafanyakazi, shule, na hospitali. Mimi nilipata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali hiyo. Tulikuwa wanawake wachache, na mkubwa wetu, ambaye tulimwita kapita, alikuwa Mama Chola, mjane kutoka kule upande wa ziwa, mwembamba, asiyecheka ovyo. Masista ndio waliomfundisha kufua akiwa msichana, na kwake shuka lenye doa lilikuwa kama dhambi ya kuungama.

Mashine kubwa ya kufulia ilikuwa imekufa. Kila mkubwa aliyekuja aliahidi vyuma vipya, na vyuma havikuja. Kampuni yenyewe ilikuwa imeanza kuumwa, ingawa kwenye sikukuu bado tulivaa vitenge vya chama vyenye sura ya rais na kucheza uwanjani. Kwa hiyo tulifua kwa mikono. Na shuka la hospitali, mwanangu, likilowa maji ni zito kama mtu aliyezimia. Huwezi kulikamua peke yako. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ncha ile, mnatazamana, mnasokota.

Mwenzangu wa kusokota alikuwa Ngalula. Alikuwa mrefu, mimi mfupi. Mimi nilifanya kazi mbio mbio, yeye alikunja shuka kana kwamba analilaza kitandani. Aliimba nyimbo za Kiluba cha Kasai tangu tulipofungua mlango mpaka tulipofunga. Tena alitumia mkono wa kushoto. Nilipozungusha shuka upande wangu, yeye alizungusha upande wake, na shuka likazunguka tu lote pamoja bila kutoa maji, wenzetu wakacheka. Nikachoka. Nikaenda kwa kapita.

Mama Chola alinisikiliza mpaka mwisho huku akitia sabuni kwenye pipa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Kabulo, minye sikukupatia rafiki. Nilikupatia muntu wa kutumika naye. Yeye alizaliwaka na ule mukono. Weye njo utageuza."

Niligeuza, nikasokota kwa kufuata mkono wake. Kwa majuma mengi mabega yaliniuma, na moyoni nilimlaumu kapita, lakini maji yakaanza kutoka kwenye shuka. Tukawa wepesi kuliko wote mle ndani. Na Ngalula, alipoona nimejifunza mkono wake, akaanza kuniimbia polepole ili nami nishike maneno. Sikuyaelewa yote hata leo. Nilikuja kumwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinitangulia umri, na kwa sababu nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu akiwa mbali Sakania, Ngalula ndiye aliyekuja kuniosha na kunipikia uji.

Nikuambie alikuwa nani, usije ukafikiri alikuwa mgeni. Babu yake aliletwa kutoka Kasai na wazungu kuja kuchimba shaba, akiwa bado kijana asiye na ndevu. Baba yake alizaliwa kambini. Yeye mwenyewe alizaliwa katika hospitali ile ile tuliyoifulia mashuka. Mume wake, Mukendi, alikuwa fundi wa umeme kiwandani, mtu wa kunyamaza, mwimbaji wa kwaya. Walikuwa na watoto, na wa mwisho alikuwa kichanga wa kike ambaye mama yake alikuja naye kazini mgongoni. Mtoto huyo alilala katikati ya mvuke na kelele za ndoo bila kulia.

Basi, ikaja miaka ya mwisho ya utawala ule. Chama kilikuwa kinaanguka, kampuni haina shaba ya kutosha kutoa, wanaume wanakaa barazani. Hapo ndipo wakubwa wa siasa wakaanza kuwaambia watu kwamba njaa yao ina sura. Sura hiyo ni Mkasai. Yeye ndiye aliyechukua kazi, yeye ndiye aliyekalia viti. Wakasai wakapewa na jina, bilulu, maana yake wadudu. Nililisikia neno hilo kwanza sokoni, halafu kwenye taxi-bus, halafu siku moja nikalisikia chumbani kwetu.

Alilileta Kyabu. Kyabu alikuwa mwenzetu, mcheshi, mtu ambaye asubuhi usipomsikia unauliza kama ni mgonjwa. Alilisema kama mzaha. Aliona mchwa juu ya meza, akasema, ah, Ngalula, bilulu ndugu zako wamekuja kukutembelea. Wawili wakacheka. Ngalula naye akatabasamu, kwa sababu mtu akitaniwa na watu anaokula nao hana lingine la kufanya haraka haraka.

Kesho yake kikombe cha Ngalula kikatengwa pembeni. Baadaye kiti chake kikatolewa nje. Mimi nikakirudisha, na nilipogeuka nikakuta kimetolewa tena. Hakuna aliyegombana naye wala kumtukana waziwazi. Ila siku nilipokuwa nyumbani na homa, hakuna mwanamke aliyekubali kushika ncha ya pili ya shuka lake. Alisimama na shuka lililolowa mikononi, maji yakimtiririka mpaka miguuni. Mama Chola akaingia, akamwona. Waliokuwapo walinieleza kwamba aliweka chini kapu lake, akaishika ile ncha mwenyewe, wakasokota. Alipomaliza ndipo akawageukia wengine.

"Mugonjwa akitapika mu shuka, tunamuulizaka eko wa kabila gani? Basi na mwenye kuifula, musimuulize."

Wakanyamaza. Mwanangu, nataka uelewe jambo hili: walinyamaza, lakini hawakubadilika. Mtu anaweza kunyamaza mbele ya mkubwa wake huku moyo wake ukiendelea na safari yake.

Haikupita muda, mtu wa ofisi ya wafanyakazi akapita idara kwa idara akisema wale wasio wenyeji wa Katanga wakae nyumbani kwanza, kwa usalama wao. Alisema kwa adabu, kofia mkononi. Ngalula alimuuliza atarudi lini. Yule bwana akasema atajulishwa. Hakuna aliyejulishwa kitu. Usiku ule ule vijana walianza kuzunguka mitaani kwa makundi, na siku zilizofuata nyumba za Wakasai zikavunjwa milango, vitanda vikatolewa, mabati yakang'olewa. Kambini nilimwona mwanamume ninayemjua, tuliyepokea naye komunyo kanisani, amebeba cherehani ya jirani yake kichwani mchana kweupe.

Familia ya Ngalula ilikimbilia lagare, ndiyo stesheni ya treni, pamoja na maelfu ya wengine. Treni za kwenda Kasai zilikuwa chache. Watu walikaa pale wakingoja, wiki juu ya wiki, wakati wa mvua.

Mume wangu hakutaka niende kuwaona. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa, na aliniambia tutachomewa nyumba. Nilimwambia kwamba yule mama ndiye aliyeniosha nilipozaa. Akatoka nje. Nikapika bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikaenda kwa miguu.

Sitakueleza yote niliyoyaona lagare. Watu walikuwa wamelala juu ya reli za pembeni, chini ya mabehewa mabovu, chini ya makaratasi na mabati. Kulikuwa na bomba moja la maji, na mstari wake haukuwa na mwisho. Watoto walikuwa wanaharisha. Nilimkuta Ngalula ameegemea gurudumu la behewa, mtoto kifuani. Mukendi alikuwa amesimama akiwakinga kwa kipande cha kadibodi, na kadibodi ilikuwa imelowa kabisa, haikingi kitu, lakini mikono yake ilikuwa bado juu.

Ngalula hakulia. Aligawa bukari kwa watoto wakubwa, kisha akaniambia kwa sauti ndogo:

"Banasema turudie kwetu. Kwetu njo wapi, Kabulo? Minye nilizaliwaka mu ile hospitali yenye tunafuliaka. Ku Kasai sijaona hata mulango moja."

Nilimshika mtoto, alikuwa moto kama jiwe la jikoni. Nikakimbilia hospitali, nikamwomba mwuguzi mmoja dawa, akanipa alichokuwa nacho, kidogo, kwa kificho. Nilipofika tena asubuhi iliyofuata, nikajua kabla sijafika karibu. Ngalula alikuwa amekaa vile vile, lakini mkono wake ulikuwa umefunika uso wa mtoto.

Hawakuwa na kitu cha kumzikia. Kila kitu kilikuwa kimeporwa. Kitenge alichokuwa nacho Ngalula ndicho kilichokuwa mwilini mwake, na alikuwa ameanza kukifungua kiunoni ili amfunike mtoto, Mukendi akimshika mkono kumzuia, kwa sababu angebaki uchi mbele za watu.

Nilirudi kazini nikamweleza Mama Chola. Sikumwomba lolote, nilimweleza tu, kwa sababu nilishindwa kulibeba peke yangu. Aliacha sabuni. Akajifuta mikono, akaenda kwenye kabati, akatoa shuka jeupe, si lililochakaa, bali jipya kati ya yale machache yaliyobaki. Akalikunja. Kyabu akamwambia kwamba hilo ni la kampuni. Mama Chola akajibu kwamba anajua ni la nani, na akaniambia nivue aproni tuende.

Nilidhani atalificha chini ya nguo. Hapana. Alilibeba mikononi, mbele yake, kama anavyolipeleka wodini. Mlinzi wa lango, mzee tuliyemzoea, akaona aibu kuuliza, lakini akauliza shuka linakwenda wapi.

"Inaenda ku mugonjwa wetu ku lagare," akasema Mama Chola.

Mlinzi akauliza kama ana karatasi ya ruhusa. Mama akasema hana, na kwamba mlinzi aandike jina lake, Chola, wa kufulia. Tukapita.

Njiani, karibu na reli, vijana walitusimamisha. Walikuwa na fimbo na chupa. Mmoja wao, mwenye kofia nyekundu, akamuuliza Mama Chola kwa ukali yeye ni wa wapi.

"Niko mufuaji wa ku hospitali."

"Tunakuuliza kabila, mama."

"Nilikujibu."

Wangeweza kutufanya lolote. Walitazamana, na nadhani umri wake ndio uliotuokoa, au ule ukavu wa sauti yake, sijui. Lakini hawakutuacha hivi hivi. Yule wa kofia alilivuta shuka kutoka mikononi mwake, akalitupa kwenye matope, akalikanyaga kwa viatu viwili, polepole, akimwangalia usoni. Kisha wakaenda zao wakicheka.

Mama Chola aliinama akaliokota. Akalikunja na matope yake, akatangulia.

Tulipofika, alimsalimu Mukendi, alimgusa Ngalula kichwani, kisha akauliza bomba liko wapi. Mstari ulikuwa mrefu vile vile, wanawake na ndoo, wengine walikuwa wamesimama tangu alfajiri. Sikusikia mtu akitoa amri. Waliliona lile shuka, wakamwona Ngalula nyuma yetu na alichokibeba, wakatuachia njia mmoja baada ya mwingine mpaka tukafika kwenye maji. Mama Chola akapiga magoti kwenye saruji, akalifua shuka lile kana kwamba daktari mkuu anakuja kulikagua. Hakuwa na sabuni. Alilisugua kwa mikono mpaka matope yakatoka. Lilipokuwa tayari kukamuliwa nikasogea kushika ncha ya pili. Ngalula akanizuia. Akampa Mukendi mtoto, akashika yeye.

Wakasokota, kapita na mama wa marehemu. Maji yakadondoka katikati yao. Hakuna aliyeimba siku ile.

Tulimzika nyuma ya reli, ambako makaburi mengine madogo yalikwisha kuchimbwa. Katekista mmoja, naye akingoja treni, aliongoza sala. Siku chache baadaye treni ilikuja, mabehewa ya wazi ya kubebea mawe ya shaba, watu wakapanda juu ya mizigo na juu ya wenzao. Ngalula alipanda. Aliniinulia mkono. Tangu hapo, mwanangu, sijapata habari yake. Watu walisema wengi walikufa njiani. Wengine walifika wakakuta hawajui lugha ya wajomba wao. Nimeuliza kila Mkasai aliyerudi Likasi baadaye. Hakuna aliyemjua.

Mama Chola aliitwa ofisini. Mimi na Kyabu tukaitwa kutoa ushahidi. Kyabu alieleza alichokiona, wala hakusema uongo. Mimi nilisema tulikuwa wawili, na kama ni wizi basi nami ni mwizi. Yule bwana wa ofisi alinitazama, akasema mikono ya kufua imebaki michache, nirudi kazini. Mama Chola akafukuzwa. Alikuwa amebakiza kidogo tu apate kustaafu. Aliondolewa katika nyumba ya kambi, akaenda kukaa kwa mpwa wake upande wa Kamatanda. Nilimtembelea kila nilipoweza. Hakuwahi kulizungumzia shuka lile, ila aliniuliza daima kama tunasuuza vizuri. Alikufa kabla rais yule hajakimbia nchi.

Kyabu ndiye aliyefanywa kapita. Na hospitali, mwanangu, ikawa kama mdomo uliong'olewa meno. Fundi wa eksirei alikuwa Mkasai, ameondoka. Mkunga mzoefu alikuwa Mkasai, ameondoka. Wodi moja ikafungwa, halafu nyingine. Dada yake Kyabu aliletwa kujifungua, uchungu ukamshinda siku nzima, na aliyekuwapo ni kijana ambaye hajawahi kuona uzazi mgumu. Dada alipona. Mtoto hakupona. Nakueleza hivi si kwa kumfurahia Kyabu. Niliyafua mashuka ya uzazi ule mimi mwenyewe, na yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili, maana hakukuwa na mwingine. Katikati ya kazi akasimama, akaniuliza:

"Weye unazani Ngalula alifikaka?"

Nikamwambia sijui. Akainamisha kichwa, tukaendelea. Tulifanya kazi hivyo, mimi na yeye, mpaka kampuni ilipoacha kabisa kutulipa.

Sasa nakuambia ninachotaka kukuambia. Kazini hutachagua nani azaliwe wapi, aombe namna gani, aongee haraka au polepole. Usingoje kumpenda mtu ndipo umheshimu. Mpe kazi yake nzima, naye akupe yako, na kama kuna wa kubadili mazoea, jaribu kubadili wewe kwanza, maana hutavunjika mfupa. Mzaha wa kwanza juu ya asili ya mwenzako ukiusikia, ukatae hapo hapo, mzaha huo ukiwa bado mdogo na kuukataa hakukugharimu zaidi ya kununiwa. Ukiungoja ukue, gharama yake itakuwa kazi yako, nyumba yako, na bado hutaweza kumrudisha mtoto wa mtu. Mama Chola aliukataa mwanzo, akaukataa na mwisho, na peke yake hakutosha. Angekuwa na watu watano mle ndani, sijui, pengine ningekuwa nakueleza habari nyingine. Kwa hiyo usimwache mwenye kusimama asimame peke yake. Na atakayekosea usimfanye naye mdudu. Nimekula na Kyabu, nimezika watu wake, naye atazika wangu.

Kesho ukifika kazini, kaifute ile barua ya kuomba uhamisho. Muulize mwenzako jina lake lote, na jina la mama yake.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyewaona wale wa lagare akuone na wewe popote utakapotumwa. Akupe kazi isiyokuaibisha na wenzako watakaokusubiri ukichelewa. Akulinde usifukuzwe kamwe mahali ulipozaliwa, na mkono wako usimfukuze mtu. Amina.